Nusu Pointi ya Meza ya Tatu

Mchezo ukishaanza, nahodha wa timu ya sataranji ana maneno machache kuliko mtu mwingine yeyote ukumbini. Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinamruhusu kumshauri mchezaji wake mambo matatu tu: toa sare, pokea sare, au salimu amri. Basi. Haruhusiwi kusema lolote kuhusu kete zilivyokaa ubaoni. Haruhusiwi kwenda kumuuliza mchezaji mmoja anaonaje mchezo wa mwenzake. Na mchezaji akimuuliza, "Nimepewa sare, nipokee?", majibu yanayokubalika ni matatu vilevile: ndiyo, hapana, au amua mwenyewe.

Nimeanza na kanuni kwa sababu jambo ninalotaka kusimulia limo lote ndani ya majibu hayo matatu, hasa lile la tatu, ambalo mimi sikupewa.

Kwa asiyelizoea neno, sataranji ndiyo hiyo chess. Sisi wenyewe tukiwa mazoezini tunasema "chesi". Sijawahi kumsikia mtu akisema "twende tukacheze sataranji" bila kutania. Lakini neno ni la zamani kwetu. Limetufikia kupitia kwa Waarabu, walioupata mchezo kwa Waajemi, nao Waajemi kwa Wahindi, na kamusi zetu zinalo, pamoja na shaha, yaani kete ya mfalme. Wasomaji wa mashairi mnamjua shaha kwa njia nyingine: shaha wa malenga. Napenda kwamba lugha yetu ilimpa mkuu wa washairi jina la kete isiyoliwa, ambayo kwa kawaida inatembea mraba mmoja tu kwa wakati. Kete ndogo kuliko zote inaitwa kitunda. Nitazihitaji zote mbili huko mbele.

Mimi nimekulia kwenye kijiwe cha dama, hapa hapa Dar, dama ya visoda. Kijiweni wachezaji wawili ndio watu wasiosikika kabisa. Wanaocheza ni waliosimama nyuma yao. "Kula hicho!" "Wee, usile, huo mtego!" Mwingine hata haoni ubao vizuri, anacheza kwa kutazama nyuso. Ukishinda umeshinda na mtaa mzima, na ukishindwa, kila mtu alikwambia na wewe hukusikia. Kwenye bao ni yale yale, tena na mafumbo juu. Kwa hiyo nilipoanza kucheza sataranji ya mashindano, kilichonitesa hakikuwa farasi na mwendo wake wa kuruka. Kilikuwa ukimya. Timu nzima iko chumba kimoja, watu wanaokujua na kukupenda wanapita nyuma ya kiti chako, wanaona unachokiona, pengine wanaona zaidi, na hawawezi hata kukohoa vibaya.

Fasihi haikunisaidia kuuelewa ukimya huo, maana fasihi ya sataranji haina timu. Luzhin wa Nabokov ni mtu mmoja na kichwa chake kinachobomoka. Beth Harmon wa Walter Tevis ni yatima anayecheza michezo mizima akitazama dari. Hata hadithi yetu ya jirani, Queen of Katwe, kitabu cha Tim Crothers kilichotengenezewa filamu mwaka 2016, inampeleka Phiona Mutesi kutoka Katwe, Kampala, hadi Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010. Olimpiadi ya sataranji ni mashindano ya timu za mataifa, toka la kwanza la London mwaka 1927. Lakini ukitoka kwenye filamu ile, nani anamkumbuka aliyekaa meza ya pembeni yake? Simlaumu mwandishi. Mtu mmoja anasimulika. Watu wanne wenye pointi mbili na nusu, uanzie wapi?

Kitabu kimoja kinakaribia, nacho wasomaji wengi wanakikumbuka kwa jambo jingine: ile novela ya Stefan Zweig, aliyoimaliza muda mfupi kabla ya kifo chake Brazil mwaka 1942. Watu wanamkumbuka Dk. B., aliyefungiwa peke yake na Gestapo, akacheza dhidi yake mwenyewe hadi akapata wazimu. Wanasahau anavyoingia kwenye hadithi. Abiria wa meli wamejikusanya kumkabili bingwa wa dunia, wote upande mmoja wa ubao, kijiwe kabisa. Wako karibu kusogeza kitunda kwa furaha, wanafikiri wameshinda, mara mgeni anaushika mkono wa mmoja wao na kuwaambia wasifanye hivyo. Anawaongoza kwa kunong'ona. Wanaambulia nini? Sare. Kabla ya wazimu, hadithi inasimama juu ya sare iliyopatikana na watu kadhaa pamoja, na siku niliyoisoma tena baada ya haya ninayosimulia nilikaa na ukurasa ule muda mrefu.

Sasa hesabu, na naomba uvumilivu kidogo. Katika Olimpiadi, timu mbili zinakutana kwa meza nne. Ukishinda meza yako unaipa timu pointi moja, sare nusu, ukipoteza sifuri. Zamani pointi hizo zote zilijumlishwa mashindano mazima, kila nusu ikihesabika hadi siku ya mwisho. Tangu Dresden mwaka 2008 kinachohesabiwa kwanza ni matokeo ya timu: ushindi alama mbili, sare alama moja. Maana yake ni kwamba kushinda 4–0 na kushinda 2½–1½ ni kitu kile kile. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mezani si ndogo hata kidogo, kwa sababu kuna saa ambapo ushindi wako mzuri, ule ambao ungeusimulia hadi uzeeni, hauna thamani kwa timu kuliko nusu pointi ya kuchosha.

Mashindano yetu ya timu yalifuata utaratibu huo huo. Raundi ya mwisho ilikuwa Jumapili, ukumbi wa shule, mapangaboi yanazunguka kwa kelele bila kuleta upepo. Tulihitaji sare ya 2–2 kuvuka kwenda hatua inayofuata. Meza ya kwanza tulimweka kijana wa chuo kikuu. Ya pili, fundi simu wa Kariakoo, ambaye mikono yake imezoea skrubu ndogo na anashika kete kwa ncha za vidole kama zitavunjika. Ya tatu mimi. Ya nne, binti wa kidato cha tatu, mdogo wetu sote, ambaye hadi leo hakai mezani kabla hajamwamkia mpinzani wake kama ni mtu mzima. "Shikamoo," halafu anamfunga. Nahodha ni Mwalimu. Anafundisha hisabati, na hatuna jina jingine tunalomwita.

Mpinzani wangu alikuwa mhandisi mmoja, mtu mpole, aliyenizidi umri na kiwango. Tulikuwa tumekutana mara tano na alinishinda mara tano. Katika hizo tano hakuna hata moja niliyofika hatua ya 30 nikiwa na matumaini.

Siku hiyo nilikuwa na kete nyeupe. Alinijibu kwa Ulinzi wa Sicilia, ule wa Najdorf, kama kawaida yake. Hatua ya sita nikaweka askofu e2, badala ya mashambulizi makali ambayo watu wanapenda kumfanyia, naye akasukuma kitunda chake hadi e5. Hatua hiyo inachezwa na mabingwa na haina kosa, lakini ina bei: nyuma yake inaacha shimo pale d5, mraba ambao hakuna kitunda cheusi kinachoweza kuulinda tena. Mchezo wote ukawa juu ya mraba ule mmoja. Nilimtoa askofu wangu wa miraba myeusi nikala farasi wake wa f6, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiilinda d5. Nikabadilisha maaskofu wa miraba myeupe kwa sababu hiyo hiyo. Tukabadilishana farasi mmoja mmoja. Hatua ya 23 nikamweka farasi wangu wa mwisho d5, akakaa.

Wanaocheza mnajua ninachosema. Kwa msiocheza: mfikirie mtu aliyepata kiti katikati ya kikao, hakuna mwenye cheo cha kumwambia ainuke, na kutoka pale anasikia kila kinachosemwa pande zote. Mhandisi alibaki na askofu mmoja, wa miraba myeusi, na vitunda vyake mwenyewe vya d6 na e5 viko kwenye miraba hiyo hiyo vimemzibia. Akawa kama baba aliyejengewa ukuta mlangoni na wanawe. Bado tulikuwa na malkia na ngome mbili kila mmoja, kwa hiyo hatari ilikuwepo. Lakini kila hatua ilikuwa inanipa kitu. Nilisukuma kitunda cha a hadi a5 nikavifunga vitunda vyake upande ule. Nikapanga ngome kwenye mstari wa c. Sikuwa nimewahi kucheza hivyo. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwamba mara nyingi mchezo wangu ni wa mtu anayezima moto, na siku hiyo nilikuwa mtu anayejenga nyumba.

Hatua ya 31 mhandisi akafikiri dakika kumi na moja, akasogeza ngome c8, akaniangalia usoni. "Sare, mdogo wangu?" Akabonyeza saa. Akaandika alama ya = kwenye karatasi yake, kama kanuni inavyotaka.

Hapo kuna sheria nyingine. Ofa ya sare ikishatolewa hairudishwi, na inabaki mezani mpaka uipokee, uikatae kwa maneno, au uguse kete kwa nia ya kuisogeza. Ukigusa tu, umeikataa. Nilikuwa na dakika nane zangu, yeye ishirini na kitu, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Saa inayokimbia ni yangu. Nikaiweka mikono yangu chini ya meza, nikaikalia.

Nikatazama meza nyingine. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kwa sare. Ya pili, fundi alikuwa ameshinda, ameenda kunywa maji. Hiyo ni moja na nusu kwetu, nusu kwao. Meza ya nne binti alikuwa katika mwisho wa ngome kwa ngome, amepungukiwa kitunda kimoja, na mbele yake mwanamume mzima anayejua kazi. Nusu yangu ingetufikisha pointi mbili. Pointi mbili zilitosha, lolote litokee meza ya nne.

Haya niliyaona mwenyewe. Sikuhitaji mwalimu wa hisabati. Lakini niliona pia farasi wangu pale d5, na niliona kwamba mtu aliyenishinda mara tano ananiomba sare katika hatua ya 31, na kwamba anaomba kwa sababu anajua. Mchezaji wa kiwango changu hapati nafasi kama ile kila mwaka. Wengine hawaipati.

Nikainua mkono. Mwamuzi akaja, Mwalimu akaja nyuma yake. Nikasema, "Mwalimu, nimepewa sare."

Hakuutazama ubao wangu. Alikuwa ameutazama mapema, akipita, kama anavyotazama zote, lakini saa ile hakuutazama. Alikuwa anatazama karatasi ya matokeo mkononi mwake.

"Pokea," akasema.

Neno moja. Nikampa mhandisi mkono. Tukasimamisha saa, tukawaweka wafalme katikati ya ubao, tukasaini. Mhandisi akaniinamia, akaninong'oneza kwa heshima kabisa: "Nilikuwa nakufa." Alidhani ananifariji.

Nikaenda kusimama nyuma ya meza ya nne, mahali unaporuhusiwa kutazama na kunyamaza. Binti alikuwa ameshuka hadi ngome dhidi ya ngome na kitunda, ile hali ambayo Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa opera, alionyesha namna ya kuiokoa. Mfalme wako anakaa mbele ya kitunda. Ngome yako inakaa mstari wa tatu kuhesabu kutoka upande wako, haiondoki, inamzuia mfalme wa adui asipite. Mpinzani akichoka akakisukuma kitunda mpaka mstari huo, hapo hapo ngome yako inatelemka hadi mwisho kabisa wa ubao na kuanza kumtishia mfalme wake kwa nyuma, kutoka mbali, na yeye hana tena pa kujificha. Mwalimu alitufundisha jambo hili siku umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu, na binti ndiye aliyelipata wa kwanza. Lakini kujua kitu mazoezini na kukifanya ukiwa na dakika tatu ni mambo mawili tofauti. Nilimwona akiisogeza ngome kushoto, kulia, kushoto, kulia, mstari wa tatu. Yule bwana alikaa, akainuka, akarudi, akakisukuma kitunda. Ngome ikatelemka. Baada ya vitisho kumi na viwili hivi, sare.

Tulishinda 2½–1½.

Sasa nirudishe hesabu. Moja na nusu za meza mbili za mwanzo, nusu ya binti: mbili. Hata kama ningeikataa sare ya mhandisi na kupoteza vibaya, tungevuka. Nusu yangu haikuhitajika. Tulikuwa tunashangilia nje ya ukumbi, chini ya mwarobaini, fundi anagawa soda, na mimi nilikuwa nimeipiga hesabu hiyo mara tatu kichwani kabla soda yangu haijafunguliwa.

Nilimsogelea Mwalimu. Si kwa ugomvi, lakini si kwa upole pia. Nikamwambia, "Kanuni inakupa majibu matatu. Ungeniambia niamue mwenyewe."

Akafikiri. Mwalimu ana tabia ya kufikiri hadi unajuta kuuliza. Kisha akasema, "Ningekuachia, ungecheza au usingecheza?"

"Ningecheza."

"Na ukipoteza, na binti akipoteza?"

Sikujibu.

"Ningekuwa nimekutwisha watu watatu kichwani kwa dakika nane zilizobaki. Mimi ndiye nahodha. Ukitaka kuchukia, nichukie mimi. Ndiyo kazi yangu."

Nikamchukia, basi, kama wiki mbili hivi. Nilikuja mazoezini, nikamwamkia, nikacheza, nikaondoka. Aliyenichanganya zaidi ni binti. Siku moja tukiwa tunapanga kete, akanieleza bila kuulizwa. "Kaka, mimi siku ile nilikuwa natetemeka, nilishindwa hata kuandika hatua. Nilipoona mmesimamisha saa kwenu nikajua timu imeshavuka. Mikono ikatulia. Nikakumbuka ile ya tochi."

Unaona tatizo? Hesabu yangu chini ya mwarobaini ilichukua sare yake kama kitu kilichokuwepo tayari, kinangoja tu kujumlishwa. Yeye anasema sare yake ilitoka kwenye yangu. Na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kutuambia nani yuko sahihi. Mchezo wangu niliuweka kwenye programu usiku ule ule, ikaniambia nilichokijua: weupe wana nafasi bora kwa mbali. Ya binti iliniambia kwamba ulinzi wake ulikuwa sahihi kila hatua. Ukiiuliza kama mkono wa msichana wa miaka kumi na sita ungetulia bila mimi kupokea sare meza ya pili kutoka kwake, inasubiri uiwekee kete.

Ni Mwalimu aliyenipa, kwenye karatasi iliyotolewa kopi ikafifia, mchezo wa Botvinnik na Fischer wa Varna, Bulgaria, Olimpiadi ya mwaka 1962. Hakusema kwa nini. Nilikuwa nimeusikia tu. Botvinnik ana miaka 51, bingwa wa dunia, meza ya kwanza ya Muungano wa Kisovieti. Fischer ana miaka 19, meza ya kwanza ya Marekani. Ndio mchezo pekee waliowahi kucheza wao wawili. Botvinnik, mwenye nyeupe, anaingia kwenye Ulinzi wa Grünfeld na hatua alizoziandaa nyumbani. Fischer, hapo hapo mezani, anaona kwamba malkia wake anaweza kukila kitunda cha f4, na maandalizi yote ya bingwa yanapasuka. Wanaendelea mpaka muda wa kikao unakwisha, na Fischer yuko mbele kwa kitunda.

Zamani mchezo usipokwisha uliahirishwa. Mwenye zamu aliandika hatua yake kwa siri, ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikakaa kwa mwamuzi hadi kesho. Na usiku huo, tofauti na saa za ukumbini, ruksa kusema. Timu ya Kisovieti ilikesha na mchezo wa Botvinnik. Humo chumbani kulikuwa na watu kama hakuna kijiwe kilichowahi kuwapata, na Efim Geller ndiye aliyeiona njia ya kuuokoa. Kesho yake Botvinnik akaicheza njia ya Geller, akapata sare. Wasovieti wakachukua ubingwa wa mashindano yale.

Fischer hakuumeza mchezo ule. Mwaka 1969, katika kitabu chake My 60 Memorable Games, aliuweka pamoja na uchambuzi wa kuonyesha kwamba alikuwa na ushindi. Botvinnik akapinga. Baadaye Botvinnik aliwapa wanafunzi wa shule yake nafasi ile waichambue, akiwemo mtoto mmoja kutoka Baku aitwaye Garry Kasparov. Miaka mingi wanabishania nusu pointi! Maahirisho yenyewe yalikufa miaka ya 1990, kompyuta zilipokuwa na nguvu kiasi kwamba bahasha haikuwa na maana tena. Tukabaki na nahodha na neno lake moja.

Niliisoma ile karatasi mara nyingi, na nakiri nilikuwa upande wa Fischer kwanza. Kijana peke yake, ubao wake mwenyewe, na upande wa pili kikosi kizima kinakesha. Lakini kila nikiirudia namwona Geller zaidi. Mchezo haukuwa wake. Jina lake halipo juu ya karatasi, pale yanapoandikwa majina mawili. Alikuwa na michezo yake mwenyewe ya kucheza kwenye mashindano yale. Na alikaa usiku kutafuta sare, wala si ushindi, kwa ajili ya mtu mwingine.

Sijamwambia Mwalimu kwamba alikuwa sahihi, na hajaniuliza. Wala sidhani kwamba nilipoteza kitu kidogo. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote nilizowahi kuijenga, na itabaki na ile = mwisho wa karatasi badala ya 1–0. Nisipolisema hili nitakuwa nawadanganya, maana watu wanaosimulia habari za timu hupenda kusema kwamba ukishajitoa unasahau. Husahau. Mraba wa d5 naujua kama najua mlango wa kwetu.

Tunachofanya Jumamosi, mazoezi yakiisha, ni kuipanga nafasi ile upya, hatua ya 31, zamu ya weupe. Kila mtu ameshajaribu pande zote mbili. Fundi akiwa na weusi ni mgumu kuliko mhandisi. Amewahi kunibana hadi sare. Binti akichukua weupe hana haraka hata kidogo. Wiki iliyopita alimzungusha mfalme wake hadi upande wa pili wa ubao ndipo akaanza kushambulia, nami nikakaa na yule askofu wangu nyuma ya ukuta, sina la kufanya. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu. Mazoezini hakuna mwamuzi, kwa hiyo anasema yote: sukuma h, usibadilishe ngome, huyo farasi usimguse, wewe, nimesema usimguse. Anatushauri wote wawili kwa pamoja, na sote wawili tulikuwa tunamwambia anyamaze.